Mkeka wa Kuanikia Dagaa

Wako watu hapa Bagamoyo wanaosema kwamba nililipiza kisasi kwa maiti. Wanasema kwa sauti ya chini ninapopita, na wakiona nageuka wanaanza kuulizana habari za samaki. Sijawajibu hata siku moja. Akutukanaye hakuchagulii tusi, na mtu mzima hafukuzani na kila mdomo. Lakini sasa nimezeeka, waliokuwapo siku ile wanapungua, na sitaki nife nikiwa nimewaachia wao habari yangu waisimulie wanavyopenda. Kisasi nilikuwa nacho, sikatai. Nilikilea miaka kumi na saba, nikakilisha, nikakiogesha. Ila siku wanayoitaja wao ndiyo siku pekee ambayo sikukitumia.

Mama yangu alifariki akinizaa. Nililelewa Fukayosi, bara kidogo kutoka pwani, na bibi mzaa mama, na bibi ndiye aliyenifundisha kusuka. Tulisuka majamvi ya kuanikia muhogo na mtama. Jamvi ni kazi ya miyaa minene, na ukikosea mahali hakuna anayeona, maana muhogo hauna macho. Nilijiona fundi. Kijijini kwetu nilikuwa fundi kweli.

Mume wangu alikuwa seremala wa mjini Bagamoyo. Alikuja kwetu kutafuta mbao za mninga, akaniona, akarudi akaleta posa. Hii ilikuwa miaka michache kabla ya vita vikuu vya pili. Posa ikaja pamoja na neno: nyumba ile ina ada yake. Mke mpya akimaliza fungate, siku ya nane, hutandika mbele ya mkwe mkeka aliousuka kwa mikono yake mwenyewe. Mkwe ndiye huukalia kwanza, kisha wanawake wa mtaa huja kuukalia naye na kunywa kahawa. Tena tukaambiwa kwamba mkwe mwenyewe ndiye msukaji wa kwanza mjini, watu humfuata kutoka Zinga na kwingineko.

Bibi aliogopa. Akaniambia, "Mjukuu wangu, hawa watu wa pwani wanasuka ukindu mwembamba, si miyaa yetu hii. Tununue mmoja sokoni. Nani atajua?"

Nikakataa. Nilikuwa na jambo moyoni ambalo sikumwambia. Sikuwahi kumwita mtu mama. Nilidhani naenda kupata mmoja, na nilitaka nimpelekee kitu nilichokigusa mwenyewe mwanzo mpaka mwisho. Mwezi mzima nilisuka ule mkeka nikimsemesha yule mwanamke nisiyemjua. Nilimwambia ninapenda kula nini, nilimwambia naogopa bahari, nilimwambia nitamkanda miguu akizeeka. Msichana wa miaka kumi na sita, mpumbavu wa watu.

Ilikuwa masika. Ukindu haukukauka vizuri, nami sikuwa na subira. Rangi ya zambarau niliichemsha mara moja badala ya mara mbili, na sikuusuuza ukindu mpaka maji yatoke meupe, kwa sababu kwenye jamvi hatutii rangi na hakuna aliyepata kuniambia. Nikasuka ukili, ule ukanda unaoshonwa kuwa mkeka, ungali na majimaji, nikaushona, nikaukunja mkeka ukiwa mzuri ajabu. Bibi mwenyewe aliusifu. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba ukindu uliosukwa mbichi, ukikauka, hunywea.

Siku ya nane nikaukunjua barazani mbele ya wanawake kumi na wawili. Mshono ulikuwa umefumbua macho. Mahali pengine ungeweza kupitisha kidole. Wanawake wakatazamana. Mkwe wangu alikuwa amevaa nguo nyeupe aliyoiweka kwa siku kubwa kama ile. Akaketi katikati ya mkeka kama ada inavyotaka, akanywa kahawa yake, akauliza habari za Fukayosi kwa heshima. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na baraza ilikuwa na unyevu. Aliponyanyuka kwenda ndani, sehemu yote ya kukalia ilikuwa zambarau.

Wa kwanza kuchekwa siku ile alikuwa yeye, si mimi. Hilo nililitambua baadaye sana. Siku ile niliona tu uso wake ulivyogeuka alipojitazama nyuma. Wifi yangu, binti yake, alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Mkwe akasimama pale, fundi wa mji mzima, na makalio ya zambarau. Akainama, akaushika mkeka wangu pembeni, akaugeuza upande wa chini ili wote waone mishono. Akasema polepole, kila neno likisikika:

"Mkeka huu hata maiti hataulalia. Mkimlaza hapa atainuka aombe mchanga mtupu."

Baraza nzima ikapasuka kwa kicheko. Na walicheka kwa nguvu zaidi kwa sababu sasa waliruhusiwa. Mume wangu alikuwa mlangoni. Nikamtazama. Yeye akatazama viatu vyake, viatu ambavyo hakuwa navyo, maana alisimama peku.

Mkeka ukapelekwa uani ukawa wa kuanikia dagaa. Mkwe aliamuru hivyo, na akaamuru pia kwamba kazi ya kufukuza kunguru iwe yangu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kwa hiyo mchana kutwa, juani, nilikaa na fimbo nikiwalinda dagaa waliolala juu ya kitu nilichokisuka nikimwita mtu mama. Hapo ndipo nilipoweka nia.

Watu wanadhani nia ni kutaka. Kutaka kila mtu anataka. Mwalimu aliyetusomesha kijijini alikuwa akisema sala bila nia ni kuinama na kuinuka tu, na kufunga bila nia ni kukaa na njaa. Nia unaitia moyoni mahali pamoja, kabla hujaanza, na kila unachofanya baada ya hapo kinahesabiwa kwayo. Nikaitia yangu pale pale, kunguru wakinitazama. Nikasema moyoni: Utalala juu ya mkeka wangu, mama. Na hutalazwa tu. Utauomba kwa mdomo wako huo huo.

Sikutaka afe, Mungu ni shahidi. Nilitaka aombe.

Msimu wa dagaa ulipoisha mkeka ukatupwa nyuma ya choo. Nikauchukua, nikausugua, nikauanika, nikaupandisha darini. Harufu ya dagaa haikutoka. Kila mwaka siku chache kabla ya Ramadhani, tulipokuwa tukisafisha nyumba, nilipanda nikaukunjua, nikaunusa, nikaukunja tena. Nikishuka nilikuwa na hamu ya kazi ya mwaka mzima. Husemwa hasira hasara. Huenda kwa wengine. Mimi yangu iliniamsha alfajiri kuliko jogoo.

Mpango wangu ulikuwa huu. Baada ya sala ya alfajiri, kabla ya kuwasha moto, kabla ya kusema na mtu yeyote, nisuke ukili wa pima moja. Nikimaliza niutazame kwenye mwanga. Chane moja ya ukindu ikiwa imelegea, niufumue wote. Mwaka wa kwanza sikubaki na hata pima moja. Nilifumua kila siku, nikaamka tena kesho yake nikafumua. Mume wangu akaniuliza, "Wewe unasuka au unafumua?" Nikamwambia akarande mbao zake.

Mkwe hakunifundisha. Nikikaribia anapofanya kazi, aliutupia upande wa kanga ule ukili wake kama mtu anayeficha chungu cha nyama. Basi nikajifunza kwa ufagio. Nilikuwa ninakung'uta mikeka yake kila Ijumaa, na ninapoikung'uta niliisoma. Siku moja alitupa mmoja uliochakaa. Nikauficha, nikaufumua chane baada ya chane, miezi minne. Nikajua anaanzia wapi, anaongezaje, anakata pindo vipi. Lakini ukili wangu haukukazana kama wake. Nilivuta mpaka vidole vikatoka damu na bado haukukazana.

Jibu nililipata miguuni kwake. Alikuwa amenyoosha miguu barazani, amesinzia, nikaona kidole gumba cha mguu wa kulia kina mfereji wa sugu, ngozi imekuwa ngumu kama kwato. Nikaelewa. Alikuwa anaushika ukili kwa kidole cha mguu na kuuvuta kuelekea kifuani, si mkono kwa mkono kama sisi wa bara. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kesho yake nilianza kwa mguu. Baada ya wiki kidole kilivimba nikawa nachechemea, na mkwe akauliza, "Umejikwaa?" Nikamwambia, "Naam, mama, nimejikwaa." Akanitazama mguu, akanitazama usoni, akaendelea na kazi yake.

Nilijifunza na jingine, gumu kuliko ukindu. Nilijifunza kunyamaza. Zamani nikitupiwa neno nililijibu, au nililia, au nilikwenda kumlalamikia mume wangu, naye angesema "Mvumilie mama" na kurudi kwenye randa lake. Nikaona nguvu zangu zinaishia mdomoni. Nikafunga duka la maneno. Wifi akisema huyu wa bara hajui kupika samaki, nilisema "Nifundishe, wifi," na kichwani nilikuwa nahesabu chane. Watu wakadhani nimepoa. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Nikazaa watoto wawili, na hata ndani ya arobaini nilisuka kitandani. Vita vikaja. Nguo zikawa adimu, watu wakapanga mstari madukani kwa kipande cha kaniki, na harusi zikakosa vitambaa vya kutunzia. Ndipo watu wakarudi kwenye mikeka. Mke wa mwenye duka mmoja, familia ya Kiarabu ya mtaa wa pili, akaniagiza mmoja kwa ajili ya binti yake, kwa kuwa mkwe wangu alikuwa na kazi nyingi. Nikausuka miezi mitatu. Ulipotandikwa, wanawake waliugeuza chini kutafuta mshono, wakakaa wanausugua kwa viganja hawauoni. Baada ya hapo sikupumzika tena.

Na sasa niseme uovu wangu, maana nikiwaficha nitakuwa sina tofauti na hao wanaonong'ona.

Siku moja walikuja wanawake wawili wa Zinga. Mkwe alikuwa amekaa barazani. Wakamwamkia shikamoo, wakauliza, "Tumeelekezwa hapa kwa fundi wa mikeka." Akasema, "Marahaba. Ndiye mimi." Wakatazamana kwa haya. Mmoja akasema, "Samahani, mama. Tumeambiwa ni mkwe mtu, yule wa Fukayosi." Nilikuwa nyuma ya mlango. Niliona raha ikinipanda kutoka nyayoni. Nikachelewa kutoka makusudi, ili wakae naye hapo kidogo, watatu, na neno hilo katikati yao.

Hilo bado si ndilo. Miaka ikaenda, macho ya mkwe yakaingia ukungu. Hakumwambia mtu. Aliendelea kusuka kwa kupapasa, na kwa muda mikono ilimsaidia, kisha nayo ikaanza kumsaliti. Akamaliza mkeka mmoja kwa ajili ya mjukuu wa wifi, akautandika barazani siku ya kumtoa mtoto, wanawake wakiwa wamejaa. Ukili ulikuwa unakwenda upogo. Kila mtu aliona, na kila mtu, kwa adabu, alitazama mtoto.

Mimi nikainama. Nikaushika pembeni. Nikaugeuza.

Sikuwa nimepanga. Mkono ulikwenda wenyewe, na mdomo ukaufuata. Nikasema kwa upole kabisa, "Mama, huu nikuwekee uani? Dagaa wanakaribia."

Hakuna aliyecheka. Huko nyuma walicheka wote na siku hiyo hakucheka hata mmoja, na sikuelewa kwa nini wananinyima kicheko changu. Mkwe alipapasa ukingo wa mkeka mpaka akaupata, akauvuta kutoka mkononi mwangu, akauweka magotini. Tangu siku hiyo hakusuka tena. Vifaa vyake, sindano na kisu na vibunda vya ukindu, alimpa wifi, na wifi hajui kusuka hata kawa.

Mtu angedhani nimeshiba. Sikushiba, kwa sababu hakuwa ameomba. Nia yangu ilikuwa aombe. Nikajisemea kwamba bado kidogo, na nikaanza mkeka wake.

Huo mkeka nimeusuka miaka mitatu. Ukindu niliuchagua chane kwa chane. Sikutia rangi hata moja, mweupe mtupu, ili mtu asiseme rangi inaficha kitu. Upana wake ulikuwa wa kukaa juu ya jeneza na kubaki pindo la shubiri pande zote. Kwetu jeneza ni machela ya wazi, likitoka nyumbani linapita mtaani, na pindo la mkeka uliotandikwa juu yake linaonekana, na wanawake mlangoni lazima waulize: nani kausuka? Nilitaka waulize. Moyoni nilikwisha kulisikia jina langu likijibiwa. Nikiamka alfajiri sikuwa nafikiri watoto wala mume wala Mungu, naye anisamehe, nilikuwa nafikiri jeneza la mwanamke aliyekuwa anakunywa uji chumba cha pili.

Akaugua baada ya kiangazi. Mguu mmoja ulianza kufa ganzi, kisha mwingine. Wifi na mimi tulipokezana kumwuguza. Adhuhuri moja wifi alikwenda sokoni, mume wangu yuko karakanani, tulikuwa wawili tu. Nilikuwa namkanda miguu. Akasema, "Mke wa mwanangu."

"Labeka, mama."

"Sanda yangu iko sandukuni, na kafuri, na ubani. Kila kitu ninacho, ila mkeka."

Miaka kumi na saba. Nikasema, "Nakusikiliza, mama."

"Nakuomba mkeka."

Amesema. Nakuomba. Nilinyanyuka nikaenda chumbani kwangu mbio, mimi mtu mzima mwenye watoto, nikautoa mkeka mweupe kwenye shuka nililoufungia. Nikauleta, nikamwekea mikono juu yake kwa sababu hakuwa anaona. Akaupapasa. Alianza ukingoni, akafuata ukili mmoja kwa kidole, akautafuta mshono asiupate, akarudi, akautafuta tena. Alichukua muda mrefu. Nikaona midomo yake inacheza kidogo kama mtu anayeonja chumvi.

"Hakuna anayesuka hivi," akasema. "Mimi sikufika hapa."

Nilikuwa nimesubiri neno hilo ujana wangu wote. Nililipokea. Kisha akausukuma mkeka taratibu mpaka ukaanguka kutoka magotini.

"Lakini huu sio. Huu umeusukia ulimi wangu. Mimi nataka ule ulionisukia mimi, kabla hujanichukia."

Nikajifanya sielewi. Nikasema, "Upi, mama? Ule ulitupwa."

"Uko darini. Kila ukikaribia mwezi wa Ramadhani unapanda kuunusa. Unadhani dari hii haina milio?"

Nikamwambia watu wataona. Nikamwambia una matundu, una madoa, unanuka. Sauti yangu ilikuwa imeanza kupanda. Akasema, "Naujua ulivyo. Niliukalia," na kidogo tu, upande mmoja wa mdomo, akacheka. Kisha akasema, "Ukinilaza hapo nimekuachia. Usiponilaza hapo pia nimekuachia. Kanda mguu."

Akafariki siku ya nne, asubuhi, baada ya kunywa maji.

Siku zile nne sikulala vizuri na sitadanganya kwamba nilikuwa nalia. Nilikuwa nimekasirika. Niliona amenipita tena. Nikimlaza juu ya ule mkeka mbovu, mji mzima utauona ufundi wangu wa nilipokuwa msichana wa miaka kumi na sita ukipita mtaani mchana kweupe, ule mweupe nao hakuna atakayeuona kamwe. Tena watasema nimemfanyia ubaya, maana wote wanakumbuka siku ya dagaa, ya kwanza na ya pili. Nikimlaza juu ya ule mzuri, nitapata kila kitu nilichokitaka. Na hakukuwa na shahidi. Wasia ule niliusikia peke yangu. Mara nyingine nilidhani aliniomba radhi. Mara nyingine nilidhani amenipiga kofi la mwisho, na amelipiga kwa akili sana. Mpaka leo sijui, na nimeacha kuuliza, kwa kuwa aliyejua ameondoka na jibu.

Tulimwosha sisi wanawake. Mimi nilikuwa namimina maji upande wa miguu. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa na ule mfereji wa sugu, umelainika kwa maji. Niliketi peku, mguu wangu ukiwa karibu na wake juu ya sakafu ile iliyolowa, na kidole changu kilikuwa hivyo hivyo, mfereji ule ule, upande ule ule. Mwoshaji akaniambia, "Mimina, mwanangu, unamwacha." Nikamimina.

Wifi alikuwa amekwisha kuutoa mkeka mweupe. Ameutandika juu ya jeneza na wanawake wameuzunguka, wanausifu katikati ya kilio, mmoja ameushika pindo anaulizia. Nilisikia swali lenyewe kwa masikio yangu: "Nani kausuka huu?" Na wifi, yule yule, akajibu kwa fahari, "Wifi yangu huyu."

Nikapanda darini. Nikashuka na ule mwingine begani, vumbi limenijaa kichwani. Nikautoa mkeka mweupe, nikautandika huu.

Mume wangu alikuja akanishika mkono, akaninong'oneza, "Una wazimu? Mama yangu unamlaza juu ya mkeka wa dagaa? Watu watasemaje?"

"Ndio wasia wake."

Wifi akauliza, "Nani kausikia?"

"Mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi."

Alinitemea mate miguuni. Simlaumu, hata mimi ningetema. Mwanamke mmoja mzee akasema astaghafirullah, mwingine akasema huyu kweli wa bara, mwingine akasema hata maiti jamani. Nikawaacha waseme. Mume wangu alinitazama muda mrefu, kisha, kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu, hakutazama miguu yake. Akasema, "Mleteni mama."

Wakamleta katika sanda yake. Wakamlaza. Zambarau ilikuwa imepauka lakini doa la katikati bado lilionekana, pale alipoketi siku ya nane. Walimlaza juu yake sawasawa. Ubani ulikuwa unafuka na bado niliisikia harufu ya dagaa. Nikasimama upande wa kichwani, mikono nimeifumbata, nikamtazama mpaka walipolifunika jeneza kwa kitambaa, na mpaka wanaume walipoliweka mabegani, na mpaka lilipotoka mlangoni.

Hakuinuka.